Bunduki Moja au Mbili? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Bunduki ya Kuwindia Tanzania

Anayetafuta bunduki ya kuwindia hukutana na ushauri wa aina mbili. Kuna wanaomwambia anunue bunduki moja ya .375 (namba hii ni kipenyo cha risasi kwa inchi) aifanyie kazi yote, kuanzia swala pala hadi nyati. Kuna wanaomwambia hiyo ni nzito mno kwa swala na nyepesi kwa nyati aliyejeruhiwa, basi anunue mbili: moja ya mbugani, nyingine ya vichakani. Pande zote zina watu wanaoijua kazi. Wanachotofautiana ni pori wanaloingia, wanyama walioandikwa kwenye leseni zao, na muda wanaoutumia kwenye uwanja wa shabaha.

Mimi naamini mwindaji wa kawaida anahitaji bunduki moja, na kama nyati yumo kwenye mipango yake, bunduki hiyo ni .375 Holland & Holland Magnum. Bunduki ya pili ina mahali pake, lakini inamfaa mtu aliyekwisha kuizoea ya kwanza kiasi cha kuipeleka begani gizani bila kuitafuta. Hatua zifuatazo zitakuonyesha uko upande gani. Nazungumzia Tanzania, kwa sababu Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na nazungumzia bunduki za bolti (unavuta mkono wa chuma kuingiza kila risasi) zenye mtutu wa mifereji, yaani raifo. Gobore na bunduki za marisau zina mambo yake mengine.

Hatua ya 1: Andika wanyama utakaowinda kweli

Chukua karatasi. Andika wanyama utakaoweza kuwalipia leseni katika misimu mitatu ijayo, wala usiandike wale unaowaota. Kisha wagawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wanyama wadogo na wa kati: funo, digidigi, tohe, swala pala, swala granti, pongo, ngiri. Swala pala dume ana kilo 50 hadi 70 hivi. Fungu la pili ni wakubwa wasiomfuata mtu: nyumbu, kongoni, pundamilia, kuro, tandala mkubwa, palahala, korongo, choroa, na juu yao wote pofu, ambaye dume lake linaweza kukaribia kilo 900. Fungu la tatu ni wanyama hatari, na kwa wengi wetu hapo anayesimama ni nyati, dume la kilo 600 hadi 800, mwenye mifupa ya bega inayosimamisha risasi dhaifu kabla haijafika moyoni.

Sasa itazame karatasi yako. Kama fungu la tatu ni tupu, kazi imekwisha kabla haijaanza. Nunua bunduki moja ya .30-06 Springfield au .308 Winchester, darubini nzuri, na risasi nyingi za mazoezi. Huhitaji .375 na wala huhitaji bunduki ya pili. Ukiwa na nyati mmoja tu katika miaka mitatu, hiyo ni hoja ya .375 moja. Ukiwa na nyati kila msimu, na mbali yake unatafuta pia swala na choroa kwenye nyika za wazi, ndipo mazungumzo ya bunduki mbili yanaanza kuwa na maana.

Watu wengi huiruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kutazama picha za bunduki. Matokeo yake utaona mtu ana .458 kabatini inayotoka mara moja kwa miaka kadhaa, huku ile anayowindia kila msimu akiwa hajaisawazisha ipige pale inapolenga tangu alipoinunua.

Hatua ya 2: Sheria kwanza, duka baadaye

Tanzania uwindaji unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zake, zinazosimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Bunduki yenyewe iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo ni kazi ya polisi. Ni milango miwili tofauti, na kila mmoja una karatasi zake.

Kwa upande wa wanyamapori, jambo linalogusa uchaguzi wako moja kwa moja ni kipenyo. Kwa wanyama hatari kama nyati na tembo, kiwango cha chini kinachotambulika Tanzania ni .375, yaani milimita 9.5. Hapa ndipo 9.3x62 inapokwama, na inasikitisha, kwa sababu ni risasi yenye historia katika ardhi hii. Ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa wakienda kuishi na kuwinda makoloni ya Afrika, na Tanganyika ikiwamo. Iliingia kwenye Mauser ya kawaida, ikawa rahisi kuliko bunduki za Kiingereza, na imeangusha nyati wasiohesabika. Lakini kipenyo chake ni milimita 9.3, na hizo 0.2 zinazopungua ndizo zinazokutoa kwenye sheria. Nchi nyingine zinapima tofauti: Namibia hutazama nguvu, angalau jouli 5,400 kwa nyati na tembo, na Zimbabwe hukubali kuanzia milimita 9.2 zenye jouli 5,300. Mtu akikushauri kutokana na uzoefu wake wa kusini, muulize kwanza alikuwa nchi gani.

Bunduki zinazojifyatulia zenyewe kama rashasha usizifikirie kabisa kwa uwindaji. Na hata kwa bunduki ya bolti, nenda polisi ukaulize kama kipenyo unachokitaka kinakubaliwa kwa raia kabla hujampa muuzaji hata shilingi. Maombi ya umiliki huanzia serikali ya mtaa au kijiji, yakapanda kupitia kamati za ulinzi na usalama na polisi wa wilaya na mkoa. Safari hiyo ina miezi ndani yake. Bunduki mbili ni safari mbili, leseni mbili za kuhuisha, na mahali pa kuzihifadhi panapokubalika kwa zote mbili. Mtu anayeishi chumba kimoja cha kupanga azingatie hilo kwa uzito.

Anayekuja kutoka Ughaibuni kuwinda nyumbani ana kikomo kingine: mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 5 tu za risasi kwa abiria, zikiwa zimefungwa mbali na bunduki. Risasi moja nzima ya .375, pamoja na ganda na baruti yake, ina gramu 40 na kitu, kwa hiyo kilo 5 ni risasi mia na ushee. Ukizigawa kwa bunduki mbili, bado zinatosha kuwinda, ila za mazoezi zinapungua.

Hatua ya 3: Lipime pori lako

Kabla ya kusoma jedwali lolote la mwendo wa risasi, jiulize utapigia wapi.

Kwenye miombo ya Rungwa au vitalu vya Selous, umbali ni mfupi. Msimu unapofunguliwa Julai nyasi bado ndefu sehemu nyingi, na unaweza kumsikia nyati kabla ya kumwona. Mita 40 hadi 100 ndiyo kawaida. Kufikia Septemba moto umepita, macho yanafika mbali, lakini hata hapo miti haikupi nafasi nyingi za kupita mita 150. (Kumbuka sehemu kubwa ya kaskazini ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na ndani ya hifadhi za taifa hakuna kuwinda. Hakikisha ramani yako si ya zamani.)

Nyika ya Wamaasai ni dunia nyingine. Simanjiro, Longido, nchi ya kuelekea Ziwa Natron: hapo swala granti na choroa wanakuona kilomita nzima kabla hujawafikia, na mita 200 hadi 250 ni umbali wa kila siku. Anayewinda huko tu ana haki ya kupenda risasi nyepesi inayokwenda kasi, .300 Winchester Magnum au 7mm Remington Magnum.

Kama vitalu vyako vyote viko kwenye miombo, faida kubwa ya bunduki ya pili imeondoka. Bunduki nyepesi ya mbali inalipa pale tu penye mbali.

Na sasa jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione uwanjani. Risasi ya .375 ya gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa mita 770 hivi kwa sekunde. Ile ya .30-06 ya gramu 11.7 hutoka kwa mita 820. Tofauti si kubwa. Ukizisawazisha zote kwa mita 200, ukatumia risasi za ncha iliyochongoka, kwenye mita 250 zinaachana kwa sentimita chache tu. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba .375 ni bunduki ya karibu, ya vichakani, haina msingi mpaka umbali ambao mwindaji mwadilifu hapigi bila sababu kubwa. Ndiyo maana risasi hii iliyotoka mwaka 1912 bado iko kazini.

Hatua ya 4: Lipime bega lako

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo uamuzi unapofanyika kweli, na ndipo wanaume wengi hawataki kusema ukweli.

Kila bunduki ina teke, nguvu inayorudi begani unapofyatua. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya la .30-06. La .416 Rigby ni karibu mara tatu. Namba hizo hubadilika kwa uzito wa bunduki na umbo la kitako, lakini uwiano unabaki huo. Teke lenyewe halimuumizi sana mtu mwenye afya akiwa amesimama. Tatizo ni kinachotokea kichwani: baada ya risasi chache mwili unaanza kulitarajia, jicho linafumba, mkono unavuta triga kwa kushtuka, na mtutu unainama kabla risasi haijatoka. Mwenyewe hujui. Unaona tu risasi zimekwenda chini kushoto ukamlaumu aliyetengeneza darubini.

Jipime hivi. Azima .375 kwa mtu mwenye leseni, nendeni uwanja wa shabaha akiwa pamoja nawe. Simama, usilale, maana ukilala teke lote linaishia kwenye mfupa wa bega. Piga risasi tatu. Kisha mwenzako awe anakupakilia bunduki bila wewe kutazama, mara risasi ya kweli, mara risasi bandia. Ukivuta triga kwenye bandia na mtutu ukaruka au ukainama, umejiona. Si aibu, ni habari njema kuipata hapo badala ya kuipata mbele ya nyati.

Mwenye kushtuka ana njia tatu. Kwanza arudi kwenye bunduki ya teke dogo, hata .22, ajenge upya mkono wake, kisha apande polepole. Pili aongeze uzito: .375 ya kilo 4.3 ikiwa na darubini na mpira mzuri kwenye kitako inavumilika na karibu kila mtu, ilhali ile iliyopunguzwa uzito ili iwe rahisi kubebwa inapiga bila huruma. Tatu akubali kwamba nyati si wake kwa sasa, na awinde pofu na palahala kwa .30-06 kwa raha.

Mara nyingi hutajwa Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, akaua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. Watu humtumia kama ushahidi kwamba kipenyo hakina maana. Wanasahau kwamba Bell alipasua mafuvu ya tembo kujua ubongo umekaa wapi, na kwamba alikuwa akifanya mazoezi ya kulenga kila alipokuwa anatembea. Leo sheria haimruhusu mtu kumjaribu nyati hivyo, na ni sawa isimruhusu. Cha kuchukua kwa Bell ni ule uzoefu wa bunduki moja na maarifa ya mwili wa mnyama.

Hatua ya 5: Piga hesabu yote

Bei ya bunduki ni mwanzo tu. Andika pia darubini (ya kweli, inayostahimili teke, mara nyingi inakaribia bei ya bunduki), vishikio vyake, kasha, kabati la chuma, ada za leseni, na risasi. Risasi za .375 ni ghali mara kadhaa kuliko za .308 au .30-06, na za .416 ni ghali zaidi na haziko kila duka.

Kisha jiulize swali moja: pesa ya bunduki ya pili ingenunua risasi ngapi za mazoezi kwa bunduki ya kwanza? Kwa wengi jibu hilo linatosha kufunga mjadala. Mwenye .375 moja na risasi 100 za kujifunzia ni mwindaji hatari kwa nyati kuliko mwenye bunduki mbili na boksi moja moja.

Hatua ya 6: Ukiamua moja

Chagua .375 H&H Magnum, au .375 Ruger ambayo nguvu yake ni ileile katika bolti fupi kidogo. Mimi naegemea H&H kwa sababu risasi zake ni rahisi kupatikana mbali na nyumbani; ukizipoteza safarini, kambi yenye .375 nyingine ni rahisi kuipata.

Tafuta bolti yenye kulabu ndefu ya aina ya Mauser, inayoshika risasi tangu inapotoka magazini. Ukivuta bolti kwa haraka na kwa hofu, kulabu hiyo haiachi ganda ndani. Winchester Model 70 na CZ 550 ni mifano inayojulikana sana. Mtutu wa sentimita 60 unatosha. Hakikisha kuna vilengeo vya chuma juu ya mtutu, si darubini peke yake, kwa sababu darubini ikigonga mwamba au ikajaa ukungu, bado una bunduki.

Darubini yenyewe iwe ya ukuzaji mdogo, 1 hadi 4, au 1.5 hadi 6. Kwa ukuzaji wa 1 unafungua macho yote mawili na kumwona nyati mzima vichakani. Kwa 6 unampata swala granti wa mita 200 bila shida. Usiihamishe ile darubini ya 3 hadi 9 kutoka kwenye bunduki ndogo. Nafasi kati ya jicho na kioo ikiwa chini ya sentimita 9, teke la .375 litakupasua nyusi. Funga vishikio vinavyotoka haraka kwa mkono, kisha vitoe na kuvirudisha uwanjani uone kama risasi bado zinaingia palepale.

Na yule swala mdogo? Hili ndilo pingamizi kubwa la wapenda bunduki mbili: .375 itaharibu nyama. Jaribu utaona kinyume. Kinachochana nyama ni kasi zaidi kuliko upana, na risasi nzito ya mwendo wa wastani hupita kwa tundu safi. Kwa digidigi au funo, tumia risasi ngumu isiyopanuka. Itaingia na kutoka bila kumgeuza mnyama mchuzi. .300 Winchester Magnum kwenye bega la swala pala kwa mita 60 ndiyo inayokuachia nusu ya nyama ya kula.

Hatua ya 7: Ukiamua mbili

Umefika hapa kwa sababu orodha yako ina nyati kila msimu, unawinda pia nyika za wazi, bega lako limepimwa na mfuko unaruhusu. Vizuri. Kanuni ya kwanza: ziache mbali. .30-06 pamoja na .375 ni jozi inayopendwa, lakini zinaingiliana kwenye karibu kila kitu isipokuwa nyati. Jozi yenye mantiki ni .30-06, .308 au 7mm kwa upande mmoja, na .416 Rigby au .458 kwa upande wa pili. Rigby ya mwaka 1911 husukuma risasi ya gramu 26 kwa nguvu ya karibu jouli 6,900, ukilinganisha na 5,700 hivi za .375. Hiyo ni tofauti ambayo nyati anayekuja anaihisi. .375 pamoja na .416 ni kununua kitu kimoja mara mbili.

Kanuni ya pili ni ya usalama na sikubali kuilegeza: bunduki zote mbili ziwe na sefti (kifungo cha kuizuia isifyatuke) inayofanya kazi kwa mwelekeo mmoja. Brno ZKK za zamani, bunduki nzuri ambazo bado ziko nyingi Afrika, zina sefti ya kurudisha nyuma ili kufyatua. Model 70 na nyingi nyingine ni ya kusukuma mbele. Mwenye moja ya kila aina atakuja siku moja kusukuma mbele bunduki inayotaka kuvutwa, mnyama yuko mita 15, na triga haitaitika. Nunua zote mbili za kampuni moja na modeli moja ukiweza, kitako cha urefu uleule, triga yenye uzito uleule.

Kanuni ya tatu: nani ataibeba? Theodore Roosevelt alipofika Mombasa Aprili 1909, mwezi mmoja na ushee baada ya kutoka ikulu ya Marekani, alikuwa na Springfield ya .30, Winchester ya .405 na Holland & Holland ya mitutu miwili kwa wanyama wazito. Alikuwa pia na msafara mrefu wa wapagazi na wabeba bunduki waliokuwa wakitembea nyuma yake. Mwindaji mwenyeji wa leo anatembea na askari wa wanyamapori na pengine mfuata nyayo mmoja. Bunduki ya pili inabaki kwenye gari. Na pori halikupi mnyama kwa zamu: umetoka na .30-06 kutafuta kongoni, unakutana na dume zee la nyati lililo kwenye leseni yako, na bunduki yake iko kilomita 5 nyuma. Mwenye .375 hapo anaongeza hatua mbili tu na kupiga.

Risasi za bunduki mbili zisikutane kamwe. Kila bunduki na mkanda wake, kila mkanda na rangi yake, na mfukoni usiweke kitu. Risasi ya .308 inaweza kuingia kwenye chemba ya .30-06 na ikafyatuka, na ganda lililopasuka karibu na uso si jambo la kujaribu.

Iko njia ya tatu, kitako kimoja chenye mitutu miwili ya kubadilisha, kama Blaser R8. Triga ni moja, sefti ni moja, mkono hauchanganyikiwi. Bei yake ni kubwa, na swali la mtutu wa pili kuhesabiwa vipi kwenye leseni ulipeleke polisi kabla ya kuagiza.

Hatua ya 8: Risasi zenyewe

Boksi huandika uzito kwa greni, greni 15.4 ni gramu 1. Kwa .375, greni 300 ndiyo ya kuanza nayo, na usiwe na haraka ya kuwa na aina tano.

Kwa nyati, ya kwanza chembani iwe risasi ya ncha laini iliyojengwa kwa nguvu, shaba ya nje na madini ya risasi ya ndani yakiwa yameunganishwa yasiachane. Zinazofuata magazini ziwe ngumu, kwa sababu risasi ya pili mara nyingi unampiga akiwa anakimbia kukupa mgongo, na inabidi ipenye urefu wote wa tumbo lililojaa majani. Ila katika kundi usianze na ngumu: inampita uliyemlenga na kumjeruhi aliye nyuma, naye anakuwa deni lako na hatari ya mtu mwingine.

Ncha laini na ngumu zipige mahali pamoja kwa mita 100. Zikiachana zaidi ya sentimita 5, badilisha aina moja.

Hatua ya 9: Sawazisha, kisha fanya mazoezi ya pori

Kwenye meza ya uwanja, sawazisha .375 ipige sentimita 5 hadi 6 juu kwa mita 100. Itakuwa karibu na katikati kwa mita 200. Hilo likiisha, achana na meza. Hakuna meza porini. Funga fito tatu juu kwa kamba ya mpira, zisimamishe, piga kutoka hapo. Mimi simchukui mtu kwa nyati mpaka aweke risasi tano ndani ya duara la sentimita 15 kwa mita 100 kutoka kwenye fito, na tatu ndani ya duara hilohilo kwa mita 40 akiwa amesimama bila fito, akivuta bolti bila kuishusha bunduki begani. Hilo la mwisho lifanyie mazoezi nyumbani na risasi bandia, bunduki imekaguliwa mara mbili, mtutu ukielekea mahali salama.

Mwenye bunduki mbili afanye yote haya mara mbili.

Kama tayari una moja

Wengi wanaosoma hapa wana .30-06 au .308 ya marehemu baba au waliyonunua zamani, na sasa leseni ya nyati inawavuta. Usiiuze kwanza. Uliza kama unaweza kuwinda na mwindaji bingwa mwenye .375 ya kukodisha au kuazimisha kihalali, uone kama nyati ni kitu unachotaka kukirudia. Ukirudi na hamu, nunua .375, iwe ndiyo bunduki yako ya kila kitu kwa msimu mzima, na ile ya zamani ibaki kabatini. Msimu ukiisha, angalia ni mara ngapi uliitaka ile nyingine kwa sababu ya kazi na si kwa mazoea. Kama ni kwa swala granti wa mbali Longido, ihuishe leseni yake na uwe na mbili. Kama hukuikumbuka, mtafute kijana mwenye leseni mkononi anayeanza na fungu la kwanza na la pili, mkamalize uhamisho wake polisi.